Mkono Ulionijibia

Naandika kwa mkono wa kulia, ambao ni mzima. Wa kushoto nimeulaza mapajani, nimeutia kitambaa kiganjani ili usipate kitu kingine cha kushika. Skuli niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona nimekosea maneno nisameheni. Mkiona nimemwonea mtu, nisameheni zaidi, maana hilo ndilo ninaloliogopa. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Wamo humu watu niliowachukia miezi mizima, na kila nikikaa nikawafikiri mmoja mmoja, silioni kosa lao.

Naitwa Mize. Nakaa Wingwi na mume wangu Faki. Tunalima, na mimi nilikuwa nasuka ukili wa mikeka pia. Mungu alitupa watoto watatu, akachukua wawili wangali wachanga, akatuachia Rahma. Nilipoanguka, Rahma alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka.

Ilikuwa masika, tunapalilia mpunga bondeni. Tangu asubuhi kichwa kiliniuma kisogoni, nikakifunga kanga kwa nguvu nikaenda hivyo hivyo. Jembe likaniponyoka. Nikaliokota, likaniponyoka tena. Nikacheka. Mama yangu, Bi Time, alikuwa mbele yangu kidogo, akageuka akasema, "We Mize, jembe limekuwa samaki leo?" Nikataka kumjibu, ikanitoka sauti kama ya mbuzi. Basi. Yanayofuata mpaka msimu wa karafuu sina kumbukumbu nayo. Nimeyakusanya kwa watu, na kila mmoja nilimuuliza peke yake, mwenzake asisikie.

Nilipelekwa Chake Chake. Faki anasema kila gari ilipoingia shimoni nilitapika, na yeye alikuwa akinishika kichwa kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Nikapigwa picha ya kichwa. Daktari akamwita Faki pembeni pamoja na dada yake, wifi yangu Raya, anayekaa Gombani. Raya ni mkubwa kwa Faki. Mumewe anafanya kazi serikalini, nyumba yao ina maji ya bomba na umeme hauwakatikii ovyo. Mtoto hawakujaaliwa.

Alichosema daktari kila mtu anacho chake. Faki anasema: "Kasema damu imevujia kwenye ubongo, nyingi, na wa namna hiyo wengi hawaimalizi wiki." Raya anasema: "Kasema hata akipona hatotujua, hatokuwa mtu wa kujitumikia." Nilipokuja kumuuliza daktari mwenyewe, aliniambia yote mawili aliyasema. Aliniambia pia kwamba mwisho alisema, "Lakini sina hakika." Nikarudi kwa Faki. Akafikiri sana, akasema huenda alisema. Neno hilo halikupanda gari kurudi Wingwi.

Wakanirudisha nyumbani. Daktari hakuwafukuza, na hakuwazuia. Faki nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Nilitaka ufie kwako, si kwenye korido." Ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Nyumbani wakanitengenezea kama anavyotengenezewa anayeondoka. Chumba kikatolewa vitu, mkeka mpya ukatandikwa, wanawake wakaja na Yasin. Wakanilaza ubavu wa kulia, uso kibla. Hapo nataka mnisikilize vizuri, maana mambo yote yametoka hapo. Mtu akilazwa ubavu wa kulia, mkono wa kulia huwa chini yake. Unaobaki juu, ambao kila anayekuja kuaga ataushika, ni wa kushoto. Na kwangu, upande ulioharibika ulikuwa huo wa kushoto.

Walikuwepo chumbani Faki, mama yangu, Raya, na majirani wawili watatu. Raya akanishika ule mkono wa juu. Akasema, na wote wameniambia maneno hayo hayo, "Wifi yangu Mize, kama wanisikia, Rahma niachie miye. Nitamlea kama niliyemzaa. Ukiwa radhi nibane mkono."

Nikambana.

Mama yangu anasema nilimbana mpaka pete ikamwingia nyamani. Chumba kizima kililia. Jirani mmoja akasema amewaona wengi wakifa lakini hajamwona aliyetoa wasia kwa nguvu namna ile. Wakamleta Rahma, wakamwinamisha anibusu kipaji, wakamwambia mama anakwenda kwa Mwenyezi Mungu, wewe nenda na shangazi. Akaondoka siku ile ile, sare zake za skuli kwenye mkoba.

Halafu sikufa.

Ijumaa ikapita. Ikaja nyingine. Mama akaona matone ya maji ya zamzam yanashuka kooni, akajaribu maji ya uji, yakashuka. Watu waliotoka mbali kuja kuaga wakaanza kuona haya. Mama ameniigizia jirani alivyokuwa akichungulia mlangoni kila asubuhi.

"Bado?"

"Bado."

"Haya. Nitapita tena."

Nacheka ninapoandika hili, lakini wakati mwingine silicheki. Asiyekufa kwa wakati wake huwapa watu shida. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila walikwisha kunililia, na kilio hakina pa kurudishwa. Hakuna aliyenigeuza, kwa sababu kunigeuza ni kunitoa kibla, na nani angetaka dhambi hiyo? Nyonga ya kulia ikatoka kidonda. Kilipoanza kunuka ndipo nikarudishwa hospitali. Faki anasema daktari aliniangalia, akaangalia cheti, akaniangalia tena.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Faki akasema.

Daktari akakaa chini. Sijui kwa nini nalipenda jambo hilo, kwamba alikaa chini.

Wachumaji waliposhuka mikarafuuni msimu ule, mimi nikaanza kusema. Nilikuwa kwenye kitanda cha kamba uani, karafuu zimeanikwa mbele yangu juu ya majamvi, na harufu yake ikaniingia kichwani ikafungua kitu. Nikasema, "Rahma." Mama akaangusha ungo. Wote wakaja mbio, nikasema tena, "Rahma yuko wapi?" Ilitoka vibaya lakini waliifahamu, maana kila mmoja aliangalia kwengine.

Faki ndiye aliyejibu. "Yuko Gombani kwa dada. Si ulimpa mwenyewe?"

"Nilisema?"

"Ulibana mkono."

Nikamtazama mama yangu. Nilidhani yeye atanitetea. Akaniambia, "Mwanangu, niliona kwa macho yangu mawili."

Basi ningekataa vipi? Mimi sikuwapo, wao walikuwapo. Nikaanza kuamini. Nilijiambia, huenda nilisikia kweli, na huenda nilipima kama mama anavyopima, nikaona Raya ndiye. Na nasema kweli, hata kama ningeulizwa nikiwa mzima, jina lake lisingekuwa mbali. Ana subira, ana usafi, hampigi mtoto. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama wangempa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Raya alimleta Rahma mara moja mwezi ule. Alisimama mlangoni, kashika baibui la shangazi yake. Mdomo wangu ulikuwa umekwenda upande na mate hayazuiliki, nakinga kwa ncha ya kanga. Akauliza taratibu, lakini nilisikia, "Shangazi, kumbe mama hakufa?"

"Hakufa, mwanangu. Alhamdulillahi."

Akajificha nyuma ya baibui. Hakuingia.

Mvua za vuli zilipoanza nikapangiwa mazoezi ya viungo Chake Chake, kila Jumatatu. Anayejua benchi za hospitali anajua. Tulikuwa tunawahi alfajiri, na tukifika tunawakuta wenzetu wamewahi zaidi. Mwisho tukazoeana. Alikuwapo mzee mmoja mvuvi ambaye miguu yote haikumsikia, na kila nikiingia alinambia, "Mize, leo tutatimua mbio mpaka Gombani, wa nyuma anunue chai." Alikuwapo mama aliyeleta kijana wake na kumkalisha kila mara pembe ile ile, ili asione mlango wa chumba cha maiti. Alinipa kipande cha muhogo siku niliyotoka bila kula. Vitu kama hivyo ndivyo vilivyonivusha. Dawa pia, sikatai.

Aliyetufanyisha mazoezi ni dada mmoja wa Kikristo kutoka bara, Neema. Siku ya pili au ya tatu alichukua kijiko cha chai akakiweka kwenye kiganja changu cha kushoto. Vidole vikajifunga.

Faki alikuwa amesimama nyuma yangu. Akafurahi. "Aah! Umeanza kusikia!"

Neema akaniambia, "Mama, kiachie."

Nikajaribu. Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Kijiko kilibaki pale pale. Akakivuta, mkono ukakaza zaidi.

"Huu mkono unashika tu," akasema. "Kila kinachougusa kiganjani, unakishika. Si wewe unayeshika. Wengi hukaa hivi damu ikivujia kichwani kama ilivyokuwa kwako." Akanionesha: ukikunja kifundo kwenda ndani, vidole vinalegea vyenyewe. Kijiko kikaanguka mezani.

Faki akaja mbele, akaweka kitana kiganjani mwangu. Nikakishika. Akaweka funguo. Nikazishika. Mwisho akaweka kidole chake mwenyewe, nikakibana, naye akakaa anakitazama kama kidole cha mtu mwengine.

"Tangu lini?" akamuuliza Neema. "Tangu siku ya mwanzo ulikuwa hivi?"

"Inawezekana tangu mwanzo. Sikuwapo."

Tulipokaribia nyumbani Faki akanambia, "Usimwambie Raya."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Mkono ule ndio alionao, Mize. Hana chengine."

Siku hizo sauti ilikuwa imeninyooka, ningeweza kupiga simu jioni ile ile. Sikupiga. Niliogopa kumvunja mtu aliyekuwa anamsuka mwanangu nywele.

Lakini nilimtaka Rahma. Nilianza na daktari, nikamsubiri siku ya kliniki. Alinikumbuka kabla sijasema jina. Nikamwambia, "Ulisema sivuki wiki."

"Nilisema."

"Ukasema sitomjua mtu."

"Hilo pia nilisema." Akavua miwani. "Kwako nilikosea, Bi Mize. Kuna wawili walioletwa baada yako, picha zao mbaya kama yako. Niliwaambia watu wao vile vile. Kwa hao sikukosea."

Nilikwenda na hasira nikarudi nayo, ila haikuwa na mtu wa kumkalia.

"Itanirudia?" nikauliza.

"Inaweza, hasa ukiacha vidonge vya presha."

"Lini?"

"Hilo sikwambii tena," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwamini kitu.

Faki akaenda kwa shehe wa msikiti wetu. Shehe akasema wasia ni wa aliyekufa, aliye hai anaweza kuurejesha wakati wowote. Nikadhani yamekwisha. Raya akaja siku ya pili, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, hakupandisha sauti.

"Nimesikia kauli ya shehe, na simpingi. Lakini nambie, wifi. Nani atamkosha? Nani atamteka maji? Unapika kwa mkono mmoja, na moto ule? Na daktari kasema inaweza kurudi. Ikirudi, tumhamishe tena mtoto? Tumuage mama mara ya pili?"

"Siwezi kukujibu," nikasema.

"Sisemi uovu."

"Najua, Raya. Ndiyo maana siwezi kukujibu."

Habari ya kijiko cha Neema ilinifika mdomoni, nikaimeza.

Faki ndiye aliyekata shauri. Siku ya Idi Rahma aje ashinde, na usiku alale. Akikaa bila kulia, naye akitaka mwenyewe, atabaki. Akilia, atarudi Gombani, na maneno yaishe, mtoto asivutwe tena huku na huku. Raya akasema sawa. Nami nikasema sawa.

Ramadhani nzima nilijiandaa. Nilijifunza kufunga kanga kwa mkono mmoja na meno. Nilijifunza kupakua wali bila kumwaga. Nilikaa na kioo nikizoeza mdomo kufunga, mpaka mama akacheka, "Unafanya uso kama mwali." Daktari alinizuia kufunga saumu, nikawa nakula nikijificha jikoni kama mwizi, kwa haya tu.

Idi ikaingia. Wakaja baada ya sala. Rahma alikuwa kavaa gauni la manjano, kapakwa hina mikono yote miwili, na meno ya mbele yameota, makubwa, ya kikubwa. Raya akamsukuma kidogo mgongoni, mwenyewe akaenda jikoni kwa mama. Nataka muwe mnalijua hilo. Alitoka mwenyewe. Alituacha.

Nilikaa kitandani, mkono wa kushoto chini ya kanga. Kitambaa sikutia, sikuwaza. Rahma akaja karibu kidogo kidogo. Nikamwambia hina imetoka vizuri. Akanyoosha mikono niione.

"Shangazi kanitia. Hili ua, na hili ua dogo lake."

"Zuri."

"Mama, husemi tena kama mlevi." Akaziba mdomo, kisha akaona nacheka, naye akacheka. Akakaa kitandani, goti lake likanigusa. Akauliza, "Mkono wako mwengine uko wapi?"

"Umelala."

"Nataka kuulinganisha na wangu."

Kabla sijasema neno alikwisha kufunua kanga, akaweka kiganja chake chenye maua ndani ya kiganja changu.

Vidole vikajifunga.

Kwanza alidhani mchezo. Akavuta. Ukakaza. "Mama, niachie." Akavuta kwa nguvu. "Mama! Waniumiza!"

Nilijua la kufanya. Unakunja kifundo kwenda ndani, vidole vinalegea. Neema alinifundisha, nimefanya mara nyingi kwa kijiko na kwa kitana. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru, juu ya godoro, hauna kazi. Sikuuinua. Haukuwa muda mrefu, nataka kujifanyia haki na mimi pia. Haukuwa mrefu. Lakini sikuuinua, na nilijua siuinui. Mwanangu alikuwa mkononi mwangu, na kwa muda ule mkono ule mbovu ulikuwa unafanya nilichokitaka.

"Shangazi!"

Raya akaja mbio, mikono ina unga. Akapiga magoti, akaanza kunifungua kidole kimoja kimoja. Rahma akachomoka, akakimbilia uani kwa bibi yake analia. Na vidole vyangu, vilipokosa kimoja, vikakuta chengine. Vikamshika Raya.

Akavuta. Ukakaza. Pete ikamwingia nyamani.

Akaacha kuvuta. Akautazama mkono, kisha akanitazama usoni. Uani Rahma alikuwa analia, mama anamwambia, "Nyamaza, mjukuu wangu, nyamaza, si makusudi."

"Mize," Raya akasema, "niachie."

"Siwezi. Haunisikii."

Nilimwona akifikiri. Nilimwona akirudi mpaka chumba kile, mkeka ule, masika yale.

"Na siku ile?"

Hapo ndipo nilipoinua mkono wa kulia. Nikakunja kifundo, vidole vikalegea, nikamwachia. Akakaa chini sakafuni na baibui lake, anakisugua kidole.

"Ulikuwa hunisikii?"

Ningeweza kusema la. Nilikuwa na kijiko, nilikuwa na Neema na mume wangu shahidi. Lakini sikuwapo siku ile, na siwezi kuapa kwa jambo ambalo sikuwapo.

"Sijui, wifi. Wallahi sijui."

Akaniitikia kwa kichwa. Hakulia. Akanitengeneza kanga, akaufunika mkono, akatoka.

Mapatano yalikuwa mapatano, na Rahma alikuwa amelia. Ningeweza kudai alilia kwa maumivu, si kwa kunikataa. Faki alinitazama kama anayesubiri nidai. Sikudai. Kama ningeuinua mkono wa kulia mara moja, ningedai. Wakaondoka baada ya sala ya alasiri. Mlangoni Raya akageuka akasema, "Ijumaa nitamleta."

Anamleta, Ijumaa nyingi. Rahma ameshajua kukaa upande wa kulia, na mwenyewe ndiye aliyeniletea kitambaa cha kutia kiganjani, kipande cha lile gauni la manjano lililomkaa dogo. Hulala Gombani. Mimi na Raya hatujazungumza tena juu ya siku ya wasia. Anapomwita "mwanangu" mbele yangu huanza neno kisha sauti ikampungua, na mimi hujifanya nafunga kanga.

Mlio na mgonjwa wa damu kichwani, sina elimu ya kuwapa. Mgeuzeni, hata kama kibla ni huku. Mungu anajua mlikokuwa mnamwelekeza. Daktari akiwaambia mgonjwa wenu atakuwaje, msikilizeni mpaka neno lake la mwisho, na hilo la mwisho mlibebe pia. Na kabla hamjamuuliza jambo ajibu kwa mkono, mtieni kijiko kiganjani kwanza. Akikishika kijiko, msimuulize kitu.